Nilivyojaza Dayari Kabla ya Siku Kufika

Muuguzi aliyenitibu, ambaye kliniki nzima tulimwita Sista Naomi, ndiye aliyenituma niandike haya. Aliniambia, "Mwalimu, wewe una mdomo na una kalamu, na mimi nina wagonjwa wanaoingia hapa kila Jumatatu wakidhani ni wao wa kwanza duniani. Waandikie." Nikamjibu kwamba mambo ya dawa siyajui. Akasema mambo ya dawa anayajua yeye, mimi niandike ya nyumbani. Kwa hiyo kama unatafuta habari za vijidudu, kamuulize Sista. Haya ni ya mama mmoja wa mtaa wa Sakina, Arusha, aliyeugua kifua kikuu, mume yuko safarini, watoto wawili wa kike nyumbani, na dayari moja ambayo niliiamini kupita kiasi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, watoto tisini na kitu katika chumba kimoja. Kikohozi kilinianza masika, na masika Arusha kila mtu anakohoa, basi nikakohoa pamoja na watu. Mvua zikaisha, watu wakaacha, mimi nikaendelea. Kufika mwezi wa tano pete ya ndoa ilikuwa inazunguka kidoleni, nikaizungushia uzi kwa ndani isije ikadondokea kwenye ndoo. Sketi nilizibana kwa pini. Darasani, nikiwa naandika ubaoni, nilishika ukingo wa ubao kwa mkono mmoja na kujifanya nawasubiri watoto wanakili. Watoto waligundua kabla ya walimu wenzangu. Siku moja nikaona hata wale wepesi wa kuandika wanachora herufi polepole, moja moja, ili mimi nipumzike. Niligeuka nikatazama ubao muda mrefu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Miaka ile mtu akikonda, mtaa ulikuwa na jibu moja tu, Ukimwi, na hata mimi ndivyo nilivyofikiri. Nilipopeleka kikopo cha makohozi zahanati na kuambiwa ni TB, nilicheka. Nadhani ni mimi pekee niliyewahi kucheka kwenye benchi lile. Lile jingine nalo nilipimwa, halikuwepo, lakini sikuzunguka na jibu mkononi na mtaa haukuniuliza. Wewe uliyeambiwa kwamba lipo, endelea kusoma. Haya yanakuhusu vilevile. Msichana wetu wa kazi hakusubiri majibu. Alifunga mzigo wake, akaniaga akiwa nje ya geti, nami sikumlaumu.

Mume wangu, Baba Ndeshi, alikuwa fundi katika kiwanda cha serikali hadi kilipouzwa na wao wakapunguzwa. Wakati ule kampuni za utalii zilikuwa zinafunguliwa kila kona ya mji, akapata kazi ya kuendesha wageni. Mwezi wa sita hadi wa tisa ndio msimu wao. Aliondoka siku kumi, akarudi siku mbili, na kazi ilikuwa mpya mno kuombea ruhusa. Akiwa nyumbani aliosha gari la kampuni kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Nilimwona dirishani akisugua tairi lililokwisha kutakata, nikajua kwamba anaogopa kuingia ndani na kuniona.

Masharti ya Sista yalikuwa haya: sindano kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka zitimie sitini. Madirisha yabaki wazi. Watoto wasilale chumba kimoja na mimi, na wiki za mwanzo wasikae nami ndani. Sasa nani apike, nani achote maji bombani, nani amshike Upendo wa miaka mitatu? Binti yangu mkubwa, Ndeshi, alikuwa na miaka kumi na miwili na yuko darasa la sita. Bila shaka umekwisha kuona jibu liko wapi.

Mama mkwe alikuja kutoka Machame aliposikia. Hakuingia chumbani, alisimama mlangoni na kanga yake kifuani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mama Ndeshi, nipe watoto wote wawili. Shule iko pale chini ya kanisa, Ndeshi atasoma. Wewe nitakutafutia dada wa kukaa nawe."

"Upendo mchukue, mama. Ndeshi niachie."

"Atasoma saa ngapi, na huku anakupikia uji?"

"Mimi ni mwalimu, mama. Atasoma kwangu."

"Haya," akasema. "Msomi ni wewe."

Nimeahidi kuandika kweli, basi na hii niiandike. Siku ile sikuwa nafikiria masomo ya Ndeshi. Niliogopa kubaki na mtu nisiyemjua katika nyumba ambamo huenda ningefia. Nilimtaka mwanangu karibu, nikaupa woga wangu jina la elimu.

Mwalimu mkuu wa Ndeshi alinielewa, kwa kuwa tulikuwa tunafahamiana kikazi. Alikubali asomee nyumbani, kisha mwezi wa kumi na moja aje kufanya mtihani wa mwisho wa mwaka na wenzake. Akifaulu ataingia la saba. Lakini alinionya: Januari lazima awe amekaa kwenye dawati, kwa sababu la saba ndilo la mtihani wa taifa, na mtoto asiyekuwepo jina lake haliandikishwi. Kwa hiyo nilikuwa na miezi saba ya kupona. Nisipopona, atakayepoteza shule ni Ndeshi, na aliyemzuia asiende Machame ni mimi.

Hapo ndipo dayari ilipoingia. Baba Ndeshi alikuwa ameipata kwenye kampuni, kubwa, jalada gumu lenye picha ya twiga, ukurasa mmoja kwa kila siku. Saa zilikuwa zimechapwa kizungu kuanzia nane. Nilizikata zote kwa kalamu nikaandika saa mbili, saa tatu. Mwalimu yeyote anajua raha ya kupiga mistari kwenye karatasi safi. Nilipiga mistari kama ya andalio la somo: saa, kazi, mhusika, tathmini, maoni. Saa moja, uji, Ndeshi. Saa mbili, kwenda kupigwa sindano, Mama na Ndeshi. Saa nne na nusu, Hisabati. Saa sita, kuchambua mchele na Kiswahili cha kusikiliza kwa pamoja, maana mkono ukichambua sikio liko huru. Saa nane, Jiografia. Saa tisa, maji. Kila Jumapili baada ya ibada, ambayo niliifuata kwa redio, nilipanga wiki nzima. Mwili ulikuwa umenikatalia kila kitu, lakini dayari ilinitii.

Wiki za mwanzo tulisomea dirishani. Mimi nilikaa kitandani na mto mgongoni, Ndeshi alikaa nje kwenye kigoda, amevaa sweta mbili. Ilikuwa kipupwe, mlima Meru hauonekani siku nne tano mfululizo, na lile dirisha halikuruhusiwa kufungwa. Akimaliza hesabu alisimama akapitisha daftari kwenye nondo, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia. Majirani waliopita kwenda dukani walipunguza mwendo kutazama. Mmoja alimuuliza Ndeshi kama ameadhibiwa.

Kigoda kile kilikuwa na kazi nyingine. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Mimi nilitumia zaidi ya nusu saa. Ndeshi alibeba kigoda kichwani, na kila nilipoishiwa pumzi alikitua kando ya barabara, nikakaa, magari ya Nairobi yakatupita na vumbi lake. Hakuniuliza kama nimechoka. Alisikiliza pumzi zangu, akakitua mwenyewe.

Tuliokuwa tukipigwa sindano za kifua tuliwekewa benchi la nje, upande wa upepo. Ukikaa pale wiki mbili unamjua kila mtu kwa kikohozi chake. Alikuwepo mzee mmoja mfugaji wa upande wa Ngaramtoni, aliyefika kabla ya sote ingawa alitoka mbali kuliko sote. Asubuhi moja ya baridi alivua shuka lake la juu, akanitandikia mapajani.

"Baba, na wewe je?"

"Mimi iko na nyama kidogo," alisema. "Wewe mwalimu magoti yako inapiga kelele."

Tulicheka mpaka tukakohoa, benchi zima. Sindano zenyewe ziliuma makalio hadi nikalala kifudifudi, na masikioni mwangu kukawa na mlio wa nzi asiyeonekana. Vidonge vya mwanzo viligeuza mkojo ukawa mwekundu. Sista alikuwa amenieleza, ila mimi sikumweleza Ndeshi, na siku alipomwaga ndoo yangu ya chooni alirudi akakaa chini ukutani akilia kimya, akidhani natoka damu. Kama una mtoto nyumbani, mweleze mapema. Wanaona kila kitu na wanakaa nacho.

Sindano ya sitini nilipigwa mwezi wa nane. Makohozi yalikuwa safi. Kilo arobaini na moja zilikuwa zimekuwa arobaini na sita, na pete ilianza kukaa bila uzi. Sista alinipa vidonge vya mwezi, viwili kila asubuhi, nimeze mwenyewe nyumbani, na nirudi kila vinapokwisha. Alisema, "Sasa ndio kipindi kibaya, Mwalimu. Sasa utajisikia mzima." Nikamwonyesha dayari. Aliifungua, akatazama mistari, akasema hajapata kutokea mgonjwa nadhifu namna hii.

Ndeshi akaingia ndani na kigoda chake, tukasomea mezani. Nilijivuna, nisikufiche. Walimu wenzangu walikuja kunitazama, nikawatolea dayari kabla ya chai. Mmoja alinakili ukurasa mzima ili akautumie kwake. Nyumba ilikuwa safi, sukuma imechemka kwa wakati, mtoto anajua sehemu na desimali, na mgonjwa ndiye mratibu. Nilisema kwa sauti kwamba nikirudi kazini nitaishi hivihivi.

Sasa lazima nikueleze jambo la walimu, ambalo asiye mwalimu atashangaa. Shuleni tulikuwa na shajara ya masomo, unayotakiwa kuandika kila siku umefundisha nini na kama somo limeeleweka. Ukiwa na watoto tisini, huna nafasi hiyo. Tuliijaza Ijumaa kwa wiki iliyopita, na wakaguzi wakitarajiwa tuliijaza hata Jumatatu kwa wiki inayokuja. "Somo limefundishwa. Wanafunzi wengi wameelewa." Hakuna aliyedhani anadanganya. Tuliandika tulichokusudia, na kwa kuwa tulikusudia kweli, tukaona tumekwisha kutenda. Mkono wangu ulikuwa umefanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

Basi Jumapili, nikiwa napanga wiki, mkono ukawa unajaza na tathmini. Kwanza masomo tu, ili ukurasa usikae na mapengo. Baadaye kila kitu. Jumatatu: dawa imemezwa. Jumanne: dawa imemezwa. Asubuhi ikifika nilifungua dayari, nikaona imeandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikaendelea na jambo lililofuata. Kuna siku nilimeza. Kuna siku tumbo lilikuwa limechafuka nikasema nitameza baada ya uji. Baada ya uji nilitazama ukurasa, na ukurasa ulisema nimekwisha kumeza.

Ndeshi aliniuliza mara moja. Alikuwa anafuta meza, akaona pakiti.

"Mama, dawa za leo umekunywa?"

"Huoni imeandikwa?"

"Naona. Lakini..."

"Ndeshi, mwanafunzi hamkagui mwalimu."

Nilisema huku natabasamu. Yeye alitabasamu pia, akaendelea kufuta meza. Hakuniuliza tena.

Mjakaranda ulipoanza kuchanua, mwezi wa kumi, kikohozi kilirudi. Nilimwambia kila mtu ni vumbi. Halafu asubuhi moja nikafika kwenye geti nikashindwa kufika barabarani, na Ndeshi bila kuambiwa akaingia ndani akarudi na kigoda.

Tulipofika zahanati, Sista Naomi aliomba pakiti zote, na zile nilizodhani zimekwisha. Alitandaza gazeti mezani akavimimina vidonge, akavihesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu. Aliomba na dayari. Akaweka kidole kwenye siku moja, akafunua ukurasa, akaweka kwenye siku nyingine. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hapa umeandika umemeza."

"Ndiyo, Sista."

"Na hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa ni Alhamisi. Leo ni Jumanne. Umemeza dawa ya keshokutwa?"

Vidonge vilivyobaki juu ya gazeti vilikuwa vya siku kumi na tisa. Sista akamgeukia Ndeshi, kwa upole, kama unavyomuuliza mtu mzima.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Uliona?"

Ndeshi alinitazama mimi kwanza. "Niliona," alisema. "Nilidhani mama anajua. Aliandika."

Nimepata aibu nyingi katika ugonjwa huu. Nimevuliwa nguo mbele za watu, nimetapika kanisani. Hakuna iliyonifika pale. Mtoto alikuwa ameona vidonge kwa macho yake, na akayakana macho yake kwa sababu ya mwandiko wa mama. Miezi minne nilikuwa nimemfundisha sehemu na desimali, na hilo ndilo somo lililomwingia.

Makohozi yakaonyesha ugonjwa umerudi. Sindano zikaanza upya, sitini nyingine, na vidonge vingine vya miezi mingi mbele. Njiani kurudi nyumbani Ndeshi alitua kigoda mara sita. Mara ya sita, nikiwa nimekaa, alisimama mbele yangu akitazama barabara.

"Kwa hiyo Januari siendi," alisema.

Halikuwa swali. Nilitaka kumwambia atakwenda, kalamu yangu ilikuwa tayari kuandika kwamba atakwenda. Nikamwambia sijui. Ndiyo kauli ya kwanza ya kweli niliyompa tangu kipupwe.

Baba Ndeshi aliporudi nilimweleza kabla hajavua viatu. Alisema, "Si wewe uliyesema utaweza?" Akatoka nje kwenye gari. Safari hii hakuliosha. Alikaa ndani yake, milango imefungwa, na niliporudi dirishani baadaye alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Jioni alikuja akakaa kitandani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu niugue, akanishika mguu juu ya blanketi. Kwangu ilitosha.

Palikuwa na njia moja, na wote wawili tuliijua. Nilimwandikia mama mkwe barua. Hajui kusoma, kwa hiyo nilijua barua itasomwa kwa sauti na mtoto wa jirani, uani, wake wote wa ukoo wakiwa pale wanaanika kahawa na masikio yamesimama. Niliandika hata hivyo. Niliandika kwamba nilikosea kumzuia Ndeshi, kwamba niliogopa, kwamba dawa sikumeza nikaandika nimemeza, na kwamba namwomba aje kukaa nasi ili mtoto arudi shule. Barua ile niliirudia mara nne, maana kila nilipoisoma nilikuta nimejipendelea mahali.

Majibu yaliletwa na mtu aliyekuwa akija mjini: kahawa imeiva, hawezi kuiacha mtini, tusubiri.

Mwezi wa kumi na moja Ndeshi alifanya mtihani na wenzake. Alifaulu. Hisabati alikuwa wa tatu. Jiografia alipata kumi na mbili kati ya hamsini, na mwalimu mkuu alinionyesha karatasi kwa mshangao, kwa kuwa mtoto ameshindwa kusoma ramani rahisi kabisa. Nilirudi nikafungua dayari. Kusoma ramani, wiki ya pili ya mwezi wa tisa, vipindi vinne. Tathmini: limeeleweka vizuri. Sikulifundisha hata kipindi kimoja. Wiki ile nilikuwa nawaonyesha wageni dayari.

Ukitoka ukoo wa Kilimanjaro unajua Krismasi ilivyo. Mji unabaki mtupu. Kila Mchaga mwenye nauli anapanda nyumbani, na asiyepanda anaulizwa mwaka mzima ana nini. Tarehe ishirini na mbili majirani zetu wa pande zote mbili walikuwa wamefunga nyumba. Mchana wake geti likagongwa, na pale nje, peke yake kinyume na watu wote, alikuwa amesimama mama mkwe. Ameshuka. Mkungu wa ndizi miguuni, Upendo mgongoni, na mtungi wa maziwa mkononi. Wanawe wengine saba walikuwa njiani kumfuata Machame.

"Shikamoo, mama. Krismasi hii, mama? Kule wamebaki na nani?"

"Marahaba. Wana mikono," alisema. "Jiko liko wapi?"

Alipika mtori wa zile ndizi, akauleta mwenyewe hadi chumbani, mlango ule alipokuwa amesimama mwezi wa sita akaupita bila kuutazama. Kuhusu barua hakusema neno, siku ile wala siku nyingine. Nilipoanza kuomba msamaha alisema mtori unapoa.

Asubuhi alidai vidonge. Nikamletea na dayari, nimweleze utaratibu. Aliisukuma kando kwa kiwiko.

"Hiyo mimi siioni. Meza nikuone."

Nikameza.

"Fungua. Inua ulimi. Haya, kunywa maziwa."

Na ikawa hivyo kila siku. Mwalimu wa miaka kumi na mitatu nikaachama kinywa mbele ya mtu asiyejua herufi, akachungulia kama anayemtazama mbuzi meno kabla ya kumnunua. Mara ya kwanza nilikereka. Mara ya tano nilikuwa nikiingoja. Dayari sikuitupa, na wewe usitupe yako kama unayo, maana nyumba ya mgonjwa bila mpango inazama. Panga ya kesho kadiri unavyotaka. Ila ile nafasi ya tathmini iache nyeupe mpaka jambo limepita kooni, na afadhali awepo mtu wa kukuona, hata kama ni mtoto. Hasa mtoto.

Shule zilipofunguliwa Ndeshi alivaa sketi iliyomfika juu ya magoti, maana alikuwa amerefuka bila mimi kuona. Bibi yake alishusha pindo usiku uliotangulia. Aliondoka asubuhi na mapema, na mimi nikabaki kwenye mkeka uani, juani, nikihesabu vipindi. Sasa Hisabati. Sasa mapumziko. Nilikuwa nimeandaa maswali: wamekaa wangapi dawati moja, wamefika wapi, ramani wataanza lini. Nilikuwa nimeyaandika.

Alirudi saa tisa na nusu, viatu vyeupe kwa vumbi, soksi moja imeshuka.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo ukae. Leo mmesoma nini?"

Aliweka mfuko wa madaftari kizingitini. Niliona anatazama geti, ambako watoto wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kuchora mstari wa kuchezea rede, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Nimechoka, mama. Nitakuambia kesho."

Akatoka mbio kabla sijajibu. Nikasikia mpira umempata mtu, vicheko, ubishi, halafu sauti moja ikapanda juu ya zote ikikataa katakata kwamba haijaguswa, kali, ya kitoto, inayosikika hadi barabara ya Nairobi. Mama mkwe aliacha kumenya ndizi akauliza ni mtoto wa nani anayepiga kelele namna ile.

Nikamwambia ni wetu. Ilikuwa miezi saba sijamsikia.